Karani Aliporudi Bila Watoto

Wiki iliyopita nilimpeleka paka wetu kwa daktari wa mifugo mjini Kakamega akafungwe uzazi. Tulipokwenda kumchukua, yule daktari kijana alichuchumaa mbele ya binti yangu, pale pale sakafuni, akamweleza kila kitu. Alimwambia ametoa nini na kwa nini, paka atasikia maumivu wapi, na kwamba hatazaa tena maishani. Binti yangu akauliza kama paka mwenyewe anajua. Daktari akafikiri kwanza, akasema pengine hajui, ila tumbo lake litamwambia kuna kitu kimefanyika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, harufu ya spiriti na manyoya yaliyolowa imenijaa puani, na badala ya kumshukuru yule kijana nilijikuta nimekasirika. Sikumkasirikia yeye. Niliwakasirikia watu wazima wote wa utotoni mwangu, walio hai na waliokufa, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kunichuchumalia.

Ninyi mlio wa rika langu mnajua tulivyolelewa. Mtoto alikuwa wa kutumwa, si wa kuambiwa. Ukiuliza jambo la maana unaambiwa uende ukateke maji, na ukirudi na maji watu wameshabadilisha mazungumzo. Mimi nimeteka maji mengi sana kwa sababu ya maswali, na hadi leo nikikumbuka ule mtungi wa plastiki unavyokata vidole, hasira inanipanda upya.

Tulikaa Buyangu, katika nyumba za wafanyakazi zilizo pembeni kabisa mwa msitu, karibu kiasi kwamba asubuhi mbega walikimbia juu ya bati letu na kutuamsha. Baba alikuwa askari wa msitu. Paka wetu tulimwita Karani kwa sababu alipenda kukaa dirishani, miguu ya mbele ameikunja, akiwatazama watu wanaokuja na shida zao bila kuwasaidia. Kazi yake ilikuwa panya wa mahindi na aliifanya vizuri. Lakini wakubwa wa Baba walilalamika kwamba paka wa wafanyakazi wanazaana ovyo, na wale wadogo wanaingia msituni kuwamaliza ndege. Ikatoka amri kwamba anayetaka kubaki na paka jike amlete afungwe uzazi, na asiyetaka amwondoe. Hayo yote nimekuja kuyajua baadaye. Siku ile Baba alisema sentensi moja tu huku akivua buti.

"Kesho Karani anaenda hospitali."

Nilifurahi, kisha nikaingiwa na wasiwasi. Nilifurahi kwa sababu kila mwanamke niliyemjua pale Buyangu aliyekwenda hospitali alirudi na mtoto ndani ya shali. Nikaingiwa na wasiwasi kwa sababu ya Mama. Yeye alikuwa amekwenda majuma machache kabla, tumbo kubwa, mkoba wa nguo za mtoto begani. Akarudi na mkoba tu. Walikuwa wamempasua, niliuona mshono wake siku moja Kukhu alipokuwa akimkanda.

Kukhu ndiye mama yake Baba, aliyekuja kutoka Navakholo kumtunza Mama. Mimi nilimwita Kukhu na yeye aliniita Kukhu, kama ilivyo desturi yetu ya bibi na mjukuu kuitana jina moja.

"Kukhu, mtoto ako wapi?" nilimuuliza siku ile ile Mama aliporudi.

"Amebaki hospitali."

"Atakuja lini?"

"Kukhu, wewe unaulizanga maswali kama polisi. Enda uteke maji."

Bila shaka ninyi mmeshaelewa. Mtoto alikuwa amezaliwa amekufa. Kwetu wakati ule mtoto aliyetoka bila kulia hakuwekewa matanga. Wanawake wazee walimchukua, wakamzika wenyewe kimyakimya, na mama yake hakuonyeshwa wala hakuambiwa ni wapi, eti asije akashika uchungu akashindwa kupata mwingine. Watu waliojua walinyamaza na wasiojua hawakuuliza. Lakini mimi niliambiwa amebaki, nikaamini amebaki. Shuleni nilitangaza kwamba tuna mtoto na yuko hospitali anakua. Nilimngoja. Kila gari lililoingia pale getini nilitoka mbio kuangalia kama wamemleta, na watu wazima wa nyumba ile waliniona nikitoka mbio, wakaniacha niendelee kutoka mbio.

Huku nikingoja nilijifunza jinsi mtu aliyepasuliwa anavyotunzwa, maana Kukhu alifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Asubuhi alichemsha maji, akachovya kitambaa, akamkanda Mama tumbo polepole akikwepa mshono. Kisha akamfunga leso kwa nguvu ili tumbo lirudi mahali pake. Kisha uji wa wimbi, na mchana supu ya ingokho, kuku aliyekuja naye mwenyewe kutoka kwake. Maziwa ya Mama yalipojaa, Kukhu alimfunga leso nyingine kifuani. Nilimsikia akimwambia jirani jikoni kwamba maziwa inamsumbua msichana wa watu kwa sababu hakuna wa kunyonya. Nikaona hapo ndipo palipokuwa na kosa la ile hospitali. Wangekuwa na akili wangemleta mtoto upesi.

Basi Karani akapelekwa. Baba alimbeba ndani ya kikapu hadi kwenye veranda ya ofisi, ambako daktari wa mifugo alikuwa amekuja na wasaidizi wake kuwahudumia paka wote wa wafanyakazi. Niliporudi kutoka shule nilimkuta amelazwa kwenye katoni karibu na meko. Macho yalikuwa wazi nusu bila kuona kitu, ncha ya ulimi imetoka nje. Tumbo lilikuwa limenyolewa, ngozi laini ya pinki ambayo sikujua paka anayo, na katikati mstari wa nyuzi nyeusi. Alinuka ile harufu niliyowaambia. Nilipeleka mkono chini yake, nikatafuta ndani ya kikapu, nikakung'uta leso iliyomfunika. Hapakuwa na kitu.

"Baba, watoto wake wako wapi?"

Baba alicheka. Alikuwa hajacheka tangu Mama arudi, na nadhani kile kicheko kilimfurahisha mwenyewe.

"Vitoto vimebaki kwa daktari," akasema.

Naomba mnisaidie kukasirika hapa. Ni rahisi kiasi gani kumwambia mtoto kwamba paka hakuwa na mimba? Maneno matatu yangetosha. Lakini kwa Baba swali la mtoto lilikuwa jambo la kuchekesha, na jibu likawa lile lile nililopewa kuhusu mtoto wetu, nami nikaanza kuona kwamba hawa madaktari wana mchezo mbaya.

Kuna jambo jingine Baba alilolifanya, na hili ni baya zaidi. Daktari alikuwa amemweleza vizuri kabisa namna ya kumtunza Karani. Kidonda kisiguswe na maji. Kisifungwe kitambaa cha kukibana. Paka asiruke, asiachwe alambe nyuzi, na akivimba aletwe mapema. Baba aliyabeba maagizo hayo hadi mlangoni akayaacha hapo hapo. Aliona ni habari za paka, na mwanamume mzima aliyetoka doria hawezi kukaa mbele ya mama yake akaanza kuhadithia habari za tumbo la paka. Alitundika koti lake akaomba obusuma, ugali wake wa jioni.

Kukhu mwanzoni alikuwa na kelele zake. "Munapasua paka? Paka kweli? Dunia imeisha." Lakini asubuhi yake Karani alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikamkataa, akatoa mlio mwembamba ambao hata mimi sikuwahi kuusikia kwake. Kukhu akaweka kikombe chini.

"Wacha maneno," akajiambia mwenyewe. "Aliyepasuliwa ni aliyepasuliwa. Kukhu, leta karai."

Alimtunza kama alivyomtunza Mama, kwa sababu hiyo ndiyo njia aliyoijua na alikuwa amewainua wazazi wengi kwa njia hiyo. Nilishika kichwa cha Karani, Kukhu akachovya kitambaa kwenye maji ya moto yenye chumvi akaanza kumkanda tumbo akimsemesha kwa upole, pole mama, pole, hata sisi tulipitia. Karani alimparura mkononi hadi damu ikatoka. Kukhu alifuta damu kwa kanga yake akaendelea, akisema mzazi ana haki ya kuwa na hasira. Halafu akachana kipande cha leso kuukuu ya Mama, akamzungushia Karani kiunoni, akafunga fundo zuri mgongoni.

Nyinyi mnaofuga paka mnajua kinachotokea paka akifungwa kitu mwilini. Karani alisimama, akafikiri, akaanza kutembea kinyumenyume. Alirudi nyuma hadi kwenye mguu wa meza, akaanguka kwa ubavu kama gunia, akatutazama kwa dharau yake yote ya ofisini. Nikasikia sauti chumbani. Ilikuwa Mama, amesimama mlangoni, mkono mmoja ameshikilia mshono wake, anacheka.

"Mama, mwache huyo paka," alimwambia Kukhu. "Mtanipasua tena."

Ndivyo Karani alivyohamia kitandani kwa Mama. Wakalala wote wawili wamefungwa tumbo kwa leso moja iliyochanwa, wakinyweshwa uji, na Mama akawa anamkuna kati ya masikio. Nilipotoka shule nilikaa miguuni pao. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile, na ndiyo maana bado ninadai niliyonyang'anywa.

Kwa sababu Karani akaanza kuumwa. Ile leso ililowa kila asubuhi, ikabaki mbichi juu ya kidonda mchana kutwa. Alipopata nafasi aliingiza mdomo chini yake akalamba nyuzi. Tumbo likavimba upande mmoja, likawa la moto, na harufu ya dawa ikaondoka ikaja nyingine. Tulimwekea omena, akageuza uso. Kukhu alipoona hivyo akaongeza kukanda, mara mbili, asubuhi na jioni, maskini, na kila alipozidisha upendo ndivyo paka alivyozidi kuzama.

Mimi nilijua sababu. Ni maziwa, hakuna wa kunyonya. Wakirudishwa watoto wake atapona, na wakiwa wanarudisha basi warudishe wote, na wetu pia, maana Mama naye nilimwona anavyolala ameelekea ukutani. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilitengeneza hotuba na kuifanyia mazoezi njiani kwenda shule, nikiwahutubia ng'ombe wa watu.

Siku ya daktari kurudi kutoa nyuzi, Mama alisema atampeleka Karani mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje ya boma. Alitembea polepole, kikapu mkononi, Kukhu upande mmoja, mimi upande mwingine. Verandani pale ofisini palikuwa na wafanyakazi wenzake Baba na wake zao, kila mmoja na paka wake, na Baba mwenyewe alikuwepo amevaa sare. Daktari alimtoa Karani kikapuni, akaiona ile leso, uso wake ukabadilika.

"Nani amefunga hii kitu? Na mbona imelowa? Si nilisema isilowe?"

Kukhu aliangalia msitu. Baba akasafisha koo. Daktari aliikata leso kwa makasi, akakamua uchafu, akasafisha, akachoma sindano. Alisema paka huyu ana bahati, tungechelewa kidogo tu angekufa. Mama alikuwa amemshika Karani kichwa kwa mikono miwili, naye akafumba macho aliposikia hivyo.

Nikaona wakati wangu umefika.

"Daktari," nikasema, "alikuwa mgonjwa kwa sababu hana wa kumnyonya. Turudishie watoto wake."

Watu wakaangua kicheko. Veranda nzima ilicheka, wanaume wakapigana mabega, na daktari akacheka kuliko wote, sindano ingali mkononi.

"Watoto gani? Ni wa nani huyu? Hebu mpeleke nyumbani."

Hapo ndipo nilipokasirika kwa mara ya kwanza maishani kwa namna ambayo nimeijua tangu siku hiyo. Hotuba yote ilipotea. Nikapiga kelele.

"Baba alisema vimebaki kwako! Na huko hospitali wamebaki na mtoto wetu pia! Munabakinga na watoto ya watu munafanyia nini?"

Kicheko kilikatika. Nilisikia mbega wakiitana kule ndani ya msitu. Kukhu alinishika mkono juu ya kiwiko akanibana hadi nikainuka kwa vidole vya miguu.

"Funga hiyo mdomo."

"Mwache, Mama," Mama alisema.

Hakupaza sauti. Alimrudisha Karani kikapuni kwanza, akamfunika, akaniangalia.

"Mtoto wetu hakubaki hospitali. Alitoka akiwa amekufa. Na Karani hakuwa na watoto. Daktari alitoa mahali pa kubebea watoto, hatazaa tena. Umeskia?"

Nikasema nimesikia. Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja, mbele ya watu wote wale, na sikulia. Kitu cha kwanza nilichohisi, niwaambie ukweli, ni kama mtu aliyetua mzigo. Majuma hayo yote nilikuwa nikikimbilia magari bure, na sasa kuna mtu aliyeniambia niache. Hasira ilikuja baadaye na haijaondoka. Mambo hayo yangeweza kusemwa ndani ya muda wa kufunika paka, na watu wazima walishindwa.

Kisha Mama akamgeukia Kukhu.

"Mtoto ameuliza, na mimi pia nauliza. Mlimweka wapi?"

"Hayo tutaongea nyumbani," Kukhu alinong'ona.

"Nyumbani hatuongeangi."

Baba alikuwa akitazama buti zake. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja na vikapu vyao, na daktari akajifanya anatafuta kitu kwenye sanduku lake la dawa. Siku kadhaa baada ya hapo sikumsemesha Baba. Alijaribu kuniletea ndizi, akajaribu kunitania, mwishowe akaja jikoni akasimama na kusema hakujua angeniambiaje. Hiyo haikuwa samahani, lakini kwa mtu kama Baba huko kulikuwa kufika mbali sana, nikaila ile ndizi.

Karani alipona bila leso. Mama hakumwondolea macho, akamfungia chumbani, akamzuia kulamba kwa kumshika shavu kila alipogeuza shingo, na akamkataza Kukhu asimguse kwa maji. Manyoya yalirudi yakiwa mafupi na meupe kidogo. Uvimbe ulipoisha kabisa na Mama naye akaweza kukaa kwenye boda boda, alimwambia Kukhu wajiandae waende Navakholo. Kukhu alitoa kila sababu, mvua, barabara, mahindi. Mama alikuwa ameshavaa viatu. Mimi alinibeba katikati, maana alisema sitaachwa tena kuteka maji.

Kukhu alitupeleka nyuma ya nyumba yake, kwenye migomba. Alitembea mbele bila haraka, akasimama mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote, majani makavu tu yaliyoanguka. Akaonyesha kwa mguu, kisha akaona aibu akaonyesha kwa mkono.

"Hapa. Tulimfunga kwa kitambaa safi."

Mama aliinama akaokota jani moja kavu.

"Tulificha ili upate mwingine," Kukhu akasema. "Ukiona kaburi uchungu inabakinga kwa tumbo. Hata mimi walinifanyia hivyo. Wangu pia walitoka wamekufa wakachukuliwa, sikuonyeshwa mpaka leo."

"Kwa hivyo ulijua vile inauma," Mama alisema. "Ulijua, na ukanifanyia."

Nimempenda bibi yangu yule maisha yangu yote, na nimemlilia alipokufa, lakini jibu la maneno hayo bado namdai. Alisimama akivuta ncha ya kanga yake kama msichana aliyekosa hesabu darasani.

"Alikuwa msichana ama mvulana?" Mama akauliza.

Ndipo nilipofahamu kwamba hata hilo hakuambiwa. Alimbeba mtoto tumboni hadi mwisho, akapasuliwa, na kila mtu kuanzia wauguzi hadi wanawake wa Navakholo alijua, ila yeye.

"Msichana," Kukhu alisema.

Mama alikaa chini, juu ya yale majani, akainyoosha miguu. Akaweka kiganja ardhini, akasema jina kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtoto aje kula. Halafu akanivuta nikae karibu yake, akalirudia ili nami nilijue.

Kukhu alikuwa bado amesimama.

"Kwani mtu anampatianga jina?" akauliza. "Hata huyu?"

"Nani atanikataza?"

Kukhu alitazama nyumbani kwake, akatazama njia, kana kwamba anayeweza kukataza angetokea. Hakutokea mtu. Akakunja magoti taratibu, akakaa kando yangu kwenye majani, akaniegemea bega. Kisha akasema wake wa kwanza alikuwa mvulana, mkunga alimwambia kwa siri, na akaniuliza mimi naona jina gani lingemfaa.